Ufa Unaotembea

"Usipoziba ufa utajenga ukuta." Tumeisikia methali hii mara nyingi mno hata hatuisikii tena. Mwalimu huiandika ubaoni, kiongozi huitaja jukwaani, nasi tunaimalizia kabla yeye hajaimaliza.

Tuirudie polepole. Haisemi kwamba ufa usipozibwa ukuta utaanguka. Huo ungekuwa ukweli wa ujenzi tu, na usingemhusu mtu. Inakukabili wewe: usipoziba. Haiulizi nani aliyeuleta ufa, kama ni mvua, ni msingi mbovu au ni fundi aliyepunja chokaa. Aliyeuona ndiye mwenye kazi. Na adhabu inayotajwa si kuangukiwa. Ni kujenga. Kazi iliyotaka mwiko mmoja wa udongo italipwa kwa mawe, maji, siku na jasho, na mlipaji ni yule yule aliyeona akapita.

Waashi wanaijua hekima hii kwa mikono yao. Nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zikibebwa na boriti za mikoko. Ufa mwembamba kama unywele hauupunguzii ukuta wa namna hiyo nguvu siku ile ile. Unachofanya ni kuyafungulia maji mlango. Masika ya kwanza yanalegeza chokaa, ya pili yanaifikia ncha ya boriti iliyozikwa ukutani, nayo inaanza kuoza mahali pasipofikiwa na jicho. Hata kuziba kuna adabu yake: anayeharakisha kupaka saruji juu ya chokaa hufungia unyevu ndani, kwa kuwa saruji haipumui kama chokaa. Ufa umefichwa, haujazibwa.

Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe huo huo lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash, lilikuwa fahari ya mwambao wote. Mwaka 2012 kipande chake kilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa umeshaanza, upande mkubwa wa jumba uliporomoka na kuua watu. Aliyepita Forodhani, mbele ya jumba hilo, siku zile aliisoma methali yetu kwa macho yake.

Lakini fundi mwenye busara hakurupukii kila ufa. Lipu ikikauka hupasuka hapa na pale, na nyingi ya nyufa hizo hukomea hapo. Basi hubandika kipande cha lipu au kioo juu ya ufa, akaandika tarehe, akasubiri. Kikibaki kizima, ufa umelala. Kikikatika, ufa unatembea. Kwangu mimi huu ndio moyo wa methali. Udogo wa kasoro hautuambii mengi. Mwendo wake ndio wa kuchunguzwa, na mwendo hauonekani kwa mtu aliyekwisha kuuzoea ufa.

Kuzoea huko kuliwaua watu 7 tarehe 28 Januari 1986. Chombo cha anga cha Marekani kilichoitwa Challenger kilipasuka sekunde 73 baada ya kuruka. Chanzo kilikuwa pete za mpira zilizotakiwa kuzuia gesi ya moto isipenye kwenye maungio ya roketi. Kwa kanuni ya usanifu wake, pete hizo hazikupaswa kuliwa na moto hata kidogo. Tangu mwaka 1981 safari kadhaa zilirudi na pete zilizoliwa kidogo. Kila mara chombo kilirudi salama, na kila usalama ulihesabiwa kuwa ushahidi kwamba kuliwa kidogo hakudhuru. Usiku wa kuamkia safari ya mwisho wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi hizo walionya kwamba baridi ingeufanya mpira kuwa mgumu. Hawakusikilizwa. Mwanasosholojia Diane Vaughan, aliyelichunguza jambo hili kwa miaka, alionyesha kwamba waliohusika hawakuwa wahuni waliovunja sheria kwa makusudi. Walikuwa watu makini, na kipimo chao kilisogea taratibu hata ukiukaji ukawa ndiyo kawaida. Jambo hili linatisha zaidi kuliko uhuni, maana mhuni hujua kwamba amekosea.

Si kila mkengeuko ni ugonjwa, hata hivyo. Wanafalaki wa karne ya 19 waliona sayari ya Uranusi ikiacha kidogo njia waliyoikokotoa. Wangeweza kusema tofauti ni ndogo mno. Mfaransa Urbain Le Verrier aliifuata, akapiga hesabu, na usiku wa tarehe 23 Septemba 1846, huko Berlin, sayari mpya ya Neptuni ikaonekana karibu kabisa na pale alipoelekeza. Na upo mkengeuko wa kukusudia. Katika ushairi wetu, mshororo wa mizani 16 ukipungukiwa na moja, sikio la mghani hujikwaa, na wajuzi huliita shairi hilo guni. Mshairi Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake *Kichomi* mwaka 1974 aliviacha vina na mizani kwa kujua, akitafuta namna nyingine ya kusema. Wengine walimpinga vikali. Mimi naona hakuwa na ufa, kwa sababu alijua anachokiacha na alikuwa tayari kukijibia. Ufa ni kile tunachokiacha bila kujiuliza.

Na mara nyingi tunakiacha kwa huruma. "Songeni kidogo, ni mmoja tu." Abiria mmoja wa ziada hazamishi chombo. Anajibana, chombo kinafika, anashuka akishukuru, na kesho yake nafasi yake imeshakuwa haki ya mtu mwingine. Hakuna siku hata moja ambayo mtu aliamua kubeba mara mbili ya kiasi.

Kivuko cha MV Nyerere, kilichohudumia kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Tarehe 20 Septemba 2018 kilipinduka kikiwa kinakaribia gati. Watu waliopoteza maisha ni 228.