Haki ya Mtoto Kiziwi Juu ya Wazazi Wake

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeumba masikio na macho na ndimi, akamgawia kila mja kwa kadiri apendayo. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika jangwa la Naqab, karibu na mji wa Beersheba, lipo kabila la Waarabu Waislamu liitwalo Al-Sayyid. Nasaba yao yarejea kwa mtu mmoja aliyehamia huko yapata miaka mia mbili iliyopita. Kwa kuwa aghlabu huoana wao kwa wao, tangu miaka ya 1930 wamezaliwa viziwi wengi katika nyumba zao. Na wataalamu wa lugha walioeneza khabari zao mwaka 2005 waliwakadiria kuwa 150 katika watu 3,500. Wala viziwi hao hawakukaa kama magogo. Palizuka kwao lugha ya mikono, isiyofunzwa na mwalimu wala kuletwa na mgeni. Wasikiao nao wakaijua, mama na mwanawe, jirani na jirani, hata kiziwi wa huko akawa hakosi wa kuzungumza naye.

Kisha kabila hilo likafikiwa na chombo kinachotiwa sikioni kwa upasuaji, nacho leo chajulikana duniani kote. Chombo hiki kina sehemu mbili. Ya nje huvaliwa nyuma ya sikio, hunasa sauti na kuigeuza kuwa alama za umeme. Ya ndani huwekwa na tabibu chini ya ngozi, na uzi wake mwembamba huingizwa katika kiungo cha ndani ya sikio kilichojipinda mfano wa ganda la konokono. Hapo huamsha mshipa wa fahamu upelekao khabari ubongoni. Chombo hakimpi kiziwi sikio alilolikosa. Humpa sauti ya namna nyingine, ambayo yataka mafunzo ya miezi na miaka apate kuifahamu. Na avuapo sehemu ya nje kwenda kulala, ni kiziwi vilevile. Aliyezaliwa kiziwi, akitiwa chombo angali mdogo, aghlabu hupata maneno kuliko aliyecheleweshwa. Lakini hapana tabibu awezaye kumdhaminia baba matokeo yake.

Hapa ndipo penye uzito: chombo chafaa zaidi katika umri ambao mtoto hawezi kuulizwa. Kwa hiyo watu wamekhitalifiana. Mwaka 1990 serikali ya Marekani iliruhusu watoto wa kuanzia miaka miwili watiwe chombo chenye njia nyingi za umeme. Mwaka 1991 chama cha viziwi cha nchi hiyo kililaani ruhusa ile. Wengi katika viziwi husema ya kuwa wao si wagonjwa, ni watu wenye lugha yao na mila yao, na kwamba kumpasua mtoto ni kumtenga na watu wake. Mwaka 2000 chama hicho kililegeza neno lake, kikakikubali chombo kuwa msaada mmoja katika misaada, pasipo kuiacha lugha ya ishara.

Asiwacheke mtu kwa khofu yao, kwani ina asili. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana mji wa Milan, nao karibu wote walikuwa wasikiao. Wakakata shauri ya kuwa mtoto kiziwi afundishwe kwa kutamka tu, na ishara ziondolewe madarasani. Kwa miaka mingi watoto wakakatazwa kunena kwa mikono yao, na wengi wakatoka skuli hawana ulimi wala mkono. Hata mwaka 2010, katika mkutano wa walimu kama wale mjini Vancouver, ndipo ilipotolewa majuto kwa shauri lile.

Na katika Waislamu wako wasemao ya kuwa chombo ni kubadili maumbile ya Mungu. Hawa na wamkumbuke Arfaja, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab. Alijifanyia pua ya fedha, ikanuka. Mtume akamwamrisha atumie ya dhahabu. Kuziba pengo la kiungo si kuchezea maumbile. Wala chombo hakizuii tohara: sehemu ya ndani iko chini ya ngozi, na ya nje huvuliwa maji yakapita.

Wako na wengine wasemao ya kuwa baba asiyemtia mwanawe chombo amemdhulumu. Nao wamepita mpaka. Kujitibu, katika madhhab ya Shafii, ni sunna, wala si fardhi. Bwana Mtume aliwaamrisha Mabedui wajitibu. Lakini mwanamke aliyekuwa na kifafa alipomjia, alimpa khiyari baina ya kusubiri apate Pepo na kuombewa apone. Mwanamke akachagua kusubiri, asilaumiwe. Ama mtoto, hana khiyari bado, na amana iko kwa walii wake. Imam Nawawi katika Minhaj amempa baba na babu ruhusa ya kumkata mtoto uvimbe wenye khatari, ikiwa khatari ya kuuacha ni kubwa zaidi. Kwa mizani hiyo baba na apime, awaulize matabibu, na awaulize pia viziwi watu wazima, ambao wayajua yasiyojulikana na tabibu.

Basi atakayemtia mwanawe chombo hana lawama, na asiyemtia hana lawama. Lawama yote ni juu ya yule amwachaye mtoto pasipo lugha yoyote, ya ulimi wala ya mkono. Na hili halina khitilafu.

Dalili yake imo katika vitabu visomwavyo kila siku. Maulamaa wa Kishafii wamesema ya kuwa mwenye kukalifishwa ni yule ambaye fahamu zake zi salama, hata ikiwa ni kusikia peke yake au kuona peke yake. Aliyezaliwa kiziwi na kipofu pamoja ndiye aliyesamehewa. Basi kiziwi mwenye macho na akili, akibaleghe, ana sala na saumu shingoni mwake. Na ni wajibu juu ya wazazi wake kumfundisha kabla ya siku hiyo. Atafundishwaje asiyesemezwa? Tena Imam Nawawi ameihesabu ishara ya bubu katika mauzo, nikahi na talaka kuwa kama tamko. Ikiwa kila mtu huifahamu basi ni wazi, na ikifahamiwa na wajuzi tu ni kinaya. Sharia imeukubali mkono wa bubu karne nyingi kabla ya Milan kuukataa.

Sasa na itazamwe hali ya mwambao. Chombo kimefika: Hospitali ya Muhimbili ilianza kukitia mwaka 2017. Kenya nayo imeitaja lugha ya ishara katika katiba yake ya 2010. Lakini chuoni huonekana mtoto wa miaka kumi aliyekaa karibu na mlango, hutumwa maji na kufagia, na msahafu hafunguliwi, kwa kuwa ati hasikii. Babake husema hana fedha za chombo, akadhani wajibu umekwisha hapo. Mkono wauzwa kwa bei gani? Udhu huonwa, rukuu huonwa, sijida huonwa. Mwenyezi Mungu alimwonya Mtume wake kwa ajili ya Ibn Umm Maktum, kipofu aliyekuja kutafuta elimu. Na baadaye kipofu huyo aliadhini, na akaachiwa Madina aisalishe. Hakuna aliyemwambia aone kwanza.

Basi kila mwenye mtoto kiziwi na ajifunze lugha ya ishara yeye na nduguze mtoto, leo kabla ya kesho, awe na chombo au asiwe nacho. Na kila mwalimu amwondoe mtoto huyo mlangoni, amketishe mbele, mahali ambapo macho yake yatasikia.

Mwenyezi Mungu awape wazazi taufiki ya kuitimiza amana yao. Amin. Wallahu aalam.