Pampu Iliyoharibika Mara Moja

Mwaka 1987 mtakwimu wa Ireland, Iognáid Ó Muircheartaigh, na mwenzake Donald Gaver walichapisha utafiti uliochunguza, pamoja na mengine, pampu 10 za kituo cha umeme wa nyuklia. Moja iliharibika mara 22 katika saa 10,500. Nyingine iliharibika mara moja tu, ila ilikuwa imechunguzwa kwa saa 1,050 peke yake. Ya tatu nayo mara moja, lakini kwa saa 15,700.

Mwenye pupa angegawanya mara kwa saa, akahukumu. Wao walizisoma pampu zote kwa pamoja. Ile iliyochunguzwa muda mfupi haikuwa imejieleza vya kutosha, basi mwenendo wa wenzake ukaizungumzia. Ile ya mara 22 ilikwisha kujieleza yenyewe, na makadirio yake hayakusogea sana.

Ndugu yangu, watendee watu hivyo.

Nasema kwa uchungu. Niliwahi kumwachisha kazi kijana wa dukani katika wiki yake ya pili, kwa kuwa fedha za mauzo ya jioni zilipungua. Sikujiuliza waliomtangulia walianzaje. Wote walikosea chenji siku za mwanzo, nami nikiwemo. Wakati huohuo nilikuwa na mtu wa miaka mingi aliyenipunja mwezi baada ya mwezi, nami nikamvumilia kwa mazoea tu. Mmoja nilimhukumu bila ushahidi, mwingine nilimwachia ushahidi ukiwa umejaa daftari.

Na mwema wa siku saba naye usimpe funguo upesi. Mchumba anayesifiwa kwa ziara mbili bado hajajulikana.

Ó Muircheartaigh baadaye alikuwa rais wa chuo kikuu cha Galway, tangu 2000 hadi 2008. Kiti cha namna hiyo hufikiwa na hatima za watu: mwanafunzi aliyeanguka muhula mmoja, mhadhiri aliyelalamikiwa mara moja. Nawe una kiti chako, hata kama ni kibao cha jikoni na anayengoja neno lako ni mkwe mpya. Kabla hujalitamka, jiulize umemwona kwa muda gani, na wengine katika nafasi yake huwaje.

Juzijuzi binti mpya alianza kazi dukani. Siku ya tatu alimzidishia mteja chenji ya shilingi elfu mbili. Nilivuta kiti, tukahesabu upya pamoja.