Kupokea Kwanza au Kujua Kwanza?

Jifunze: Matendo 9:26–30, 11:22–26, 15:36–40, Wagalatia 1:18, Warumi 15:7.

Sauli alipofika Yerusalemu akitaka kujiunga na wanafunzi, walimwogopa. Hawakusadiki kwamba naye amekuwa mwanafunzi. Ni rahisi kwa msomaji wa leo kuwalaumu, kwa sababu anajua habari hii inaishia wapi. Wao hawakujua. Walichokuwa nacho ni kumbukumbu: mtu huyu aliridhia kuuawa kwa Stefano, kisha akaingia nyumba kwa nyumba akiwatoa waumini na kuwapeleka gerezani (Matendo 8:1–3). Huenda baadhi ya waliokuwa kwenye kusanyiko hilo walikuwa na ndugu walioteswa kwa mkono wake. Hofu yao ilikuwa na sababu.

Hapa ndipo linapozuka swali linalolikabili kila kanisa: je, mtu ajulikane kwanza ndipo apokewe, au apokewe kwanza ndipo ajulikane?

Jibu la kwanza lina busara yake. Mbwa-mwitu huja wamevaa mavazi ya kondoo, na Bwana mwenyewe aliwaonya wanafunzi wake juu ya hao (Mathayo 7:15). Lakini jibu hilo lina ugumu mmoja. Mtu anayetazamwa kwa mbali hajulikani. Wanafunzi wa Yerusalemu wangeweza kungoja miaka kumi, na bado wasingejua zaidi ya walichojua siku ile ya kwanza. Aliyeachwa nje ya mlango hana namna ya kuonyesha jinsi anavyoishi na watu nyumbani.

Barnaba alichukua njia nyingine. Luka anasema alimtwaa Sauli, akampeleka kwa mitume, akawaeleza mambo matatu: jinsi Sauli alivyomwona Bwana njiani, kwamba Bwana alisema naye, na jinsi alivyohubiri kwa ujasiri kule Dameski (Matendo 9:27). Biblia haielezi Barnaba aliyapata wapi mambo hayo. Hata hivyo, mtu hawezi kusimulia habari za mwenzake kwa mpangilio kama huo bila kwanza kutega sikio. Barnaba alisikiliza kabla ya kusema. Wala hakudai kwamba ameuona moyo wa Sauli. Alishuhudia yale aliyoyajua. Katika kufanya hivyo aliliweka rehani jina lake jema, jina alilopewa na mitume wenyewe, lenye maana ya mwana wa faraja (Matendo 4:36). Kama Sauli angekuwa mdanganyifu, aibu ingemwangukia Barnaba pia.

Matunda yake yakaonekana. Paulo anaeleza kwamba katika safari ile alikaa kwa Kefa siku 15 (Wagalatia 1:18). Aliyekuwa akiogopwa na kanisa sasa alikuwa mgeni wa mtume.

Je, kumpokea mtu ni sawa na kumkabidhi kila kitu siku hiyo hiyo? Hapana. Barnaba hakuomba Sauli afanywe kiongozi wa Yerusalemu. Ilipita miaka ndipo akaenda Tarso kumtafuta, wakafundisha pamoja Antiokia mwaka mzima (Matendo 11:25, 26). Kupokea hufungua mlango; kuaminiana hukua kwa kutembea na kufanya kazi pamoja. Kanisa linalowalinda watoto wake na kuisimamia hazina yake kwa uangalifu halivunji sheria ya upendo. Lakini uangalifu usiompa mgeni hata nafasi ya kukaa na kusikilizwa umekwisha kugeuka kuwa hukumu.

Tuseme dada mmoja amehamia mji mwingine kikazi. Barua yake ya uhamisho inasomwa na karani kwa mara ya kwanza, na Sabato inayofuata washiriki wanainua mikono. Jina limeingia kwenye kitabu cha kanisa. Barua imesema ni mshiriki mwaminifu. Haikusema kwamba amefiwa na mume, wala kwamba analea watoto wa marehemu dada yake, wala kwa nini huondoka haraka mara tu baada ya ibada. Mwaka unapita. Kila Sabato anasalimiwa mlangoni, “Heri ya Sabato,” naye anaitikia. Robo inapofika mwisho, kwenye huduma ya unyenyekevu, mama mmoja anapiga magoti na kumtawadha miguu. Inawezekana kabisa kumtawadha mtu miguu bila kujua miguu hiyo hupita njia gani kurudi nyumbani.

Dada huyo amepokewa kwa kura. Anachosubiri ni Barnaba wake: mtu wa kumsindikiza hadi kituoni, kufika kwake katikati ya juma, kukaa na kusikiliza pasipo haraka. Marafiki wapendwa wengi kanisani walianza hivyo. Mmoja aliuliza swali la pili baada ya salamu, akangoja jibu.

Kujuana huko hakumaanishi kukosa dosari. Paulo na Barnaba walikuja kushindana vikali kwa ajili ya Marko, hata wakatengana (Matendo 15:39). Paulo alikumbuka jinsi kijana huyo alivyowaacha Pamfilia. Barnaba alimtazama Marko kama alivyowahi kumtazama Sauli. Maandiko hayakuificha tofauti hiyo, wala hayakuishia hapo. Paulo aliendelea kumtaja Barnaba kama mtenda kazi mwenzake (1 Wakorintho 9:6), na mwishoni mwa maisha yake aliagiza aletewe Marko, akisema anamfaa kwa utumishi (2 Timotheo 4:11). Wahenga walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Paulo alikuwa kifungoni alipomhitaji Marko, kijana ambaye Barnaba alikataa kumwacha.

Msingi wa jambo hili hauko kwa Barnaba. Usiku ule Yesu alipowaita wanafunzi wake rafiki (Yohana 15:15), alikuwa amekwisha kuwatawadha miguu, na alijua kwamba Petro atamkana kabla jogoo hajawika. Aliwajua wote, na hakumfukuza Petro mezani. Ndiyo maana Paulo anawaagiza waumini wapokeane kama Kristo alivyowapokea wao (Warumi 15:7). Aliyepokewa akiwa bado mwenye dhambi hana haki ya kumtaka mwenzake athibitishe kwanza usafi wake. Anacho kiti cha kumpa, na sikio la kumsikiliza.

Maswali ya Kujadili

1. Wanafunzi wa Yerusalemu walikuwa na sababu ya kumwogopa Sauli. Ni lini hofu yenye sababu inakuwa kikwazo kwa kazi ya Mungu?

2. Kuna tofauti gani kati ya kumpokea mtu na kumkabidhi wajibu? Kanisa lenu linaweza kufanya la kwanza vizuri bila kuharakisha la pili?

3. Taja kimoyomoyo mtu mmoja wa darasa lenu ambaye unamjua kwa jina tu. Ni nini unachoweza kufanya kabla ya Sabato ijayo ili uisikie habari yake kutoka kinywani mwake?