Jina Juu ya Santuri: Suala la Umiliki katika Rekodi za Awali za Muziki wa Kantri

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba wimbo wa jadi hauna mtunzi mmoja. Ni mali ya jamii. Kauli hii haina taabu darasani. Huanza kuyumba pale wimbo unapotiwa katika santuri, kwa kuwa santuri hubandikwa karatasi katikati, na karatasi hiyo ina nafasi ya jina. Makala haya yanakusudia kuchunguza ni nani mwenye haki ya kuijaza nafasi hiyo, na kwa msingi gani. Mfano utakaotumiwa ni wa rekodi za awali za muziki wa kantri nchini Marekani, ambako suala hili lilijitokeza waziwazi.

Baina ya tarehe 25 Julai na 5 Agosti 1927, Ralph Peer, aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni ya Victor, alirekodi waimbaji katika mji wa Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia. Miongoni mwao walikuwamo Jimmie Rodgers na aila ya Carter: A.P. Carter, mkewe Sara, na Maybelle, binamu ya Sara aliyeolewa na nduguye A.P. Waimbaji walilipwa dola 50 kwa kila wimbo. Faida ya kudumu, hata hivyo, ilikuwa katika hakimiliki, na mwaka 1928 Peer aliunda kampuni ya Southern Music ili kuisimamia. Kwa hiyo alihitaji nyimbo zinazoweza kusajiliwa. Wimbo mpya ulimfaa; na wimbo wa kale ambao haukuwa umesajiliwa na mtu ulimfaa vilevile, mradi ufanyiwe marekebisho.

Hitaji hilo ndilo lililomtuma A.P. Carter milimani kutafuta nyimbo kwa wazee, wakulima na vibarua. Katika safari nyingi aliandamana na Lesley Riddle, mpigaji gitaa Mwafrika-Mmarekani aliyekutana naye Kingsport, Tennessee. Kazi yao iligawanyika: Carter aliandika maneno, Riddle akaihifadhi lahani kichwani na baadaye kuwafunza wenzake Carter. Maybelle naye alijifunza mengi kutokana na upigaji wake. Lakini jina lililosajiliwa lilikuwa la A.P. Carter. Riddle hakutambuliwa mpaka miaka ya 1960, Mike Seeger alipomtafuta na kumrekodi.

Je, kuna kosa la kimaadili hapa? Watetezi wa Carter wana hoja mbili zenye uzito. Kwanza, nyimbo hizo hazikuwa na mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hakiibiwi. Pili, pasipo jitihada zake nyingi zingalipotea pamoja na wazee waliozihifadhi.

Hoja ya pili ni ya kweli, ila haithibitishi kinachotakiwa kuthibitishwa. Yapo matendo matatu ambayo hapana budi kuyatenga: kutunga, kuhifadhi na kusajili. Mwenye kuhifadhi anastahili shukrani, na pengine ujira. Hata hivyo, shukrani haimgeuzi kuwa mtunzi, kama vile mlezi, ajapokuwa mwema kiasi gani, hawi mzazi kwa sababu ya wema wake. Ni kweli kwamba Carter alirekebisha maneno na kuunganisha beti, na marekebisho hayo ni utunzi wa kiasi chake. Kosa ni kudai kizima kwa haki ya sehemu.

Hoja ya kwanza ni ngumu zaidi. Ikiwa wimbo hauna mwenyewe, nani amedhulumiwa? Jibu la haraka ni kutaja fedha, lakini jibu hilo halitoshi, kwani hata pasingepatikana senti moja bado pangebaki jambo la kusikitisha. Jambo hilo ni upotoshaji wa nasaba. Fasihi simulizi huishi kwa silsila ya mapokezi: huyu kaipokea kwa yule, na yule kwa fulani. Wimbo waweza kukosa mtunzi anayejulikana na bado ukawa na wapokezi wanaojulikana. Aliyeimba mlangoni pake anajulikana. Riddle alikuwapo, akisikiliza. Kumwacha nje ni kutoa ushahidi usio kamili juu ya mtu aliye hai.

Upungufu huu haukuwa wa Carter peke yake. Kampuni za wakati huo ziliuza muziki wa watu weusi na ule wa wazungu wa mashambani katika orodha mbalimbali, kana kwamba wapigaji hawakuwahi kusikilizana. Mwaka 1930 Louis Armstrong alipiga tarumbeta katika rekodi ya Jimmie Rodgers, na jina lake halikuandikwa juu ya santuri. Ikiwa mwanamuziki mashuhuri kiasi hicho aliweza kufichwa, Riddle angejitokezaje?

Zipo rekodi nyingine zinazoutazamisha mfano huu upande wa pili. Santuri za Rodgers zilifika Kenya, na mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kikipsigis wakimwimba Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu paa. Jina la Rodgers lilikuwa limepita katika ulimi wa Kikipsigis likatoka na umbo jipya. Wasichana hao walitunga wimbo wao wenyewe, wala hawakumjua mtu huyo, lakini walilihifadhi jina la mgeni aliyewafikia. Bristol lahani zilibaki na majina yakapotea. Huku jina lilibaki, hata mwenyewe alipogeuka paa.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni inaitambua jamii kuwa mmiliki. Hiyo ni hatua ya maana, ila haimwondolei mhakiki wajibu wake. Neno “jamii” nalo laweza kumfuta mtu, sawa na jina la msajili. Mtafiti anayerudi kutoka nyanjani na kuandika “wimbo wa jadi” chini ya matini, ilhali bibi aliyemwimbia alimtajia jina lake na la aliyemfunza, ameijaza nafasi ile ile ya karatasi, na amekosea kwa namna ile ile.