Je, Mwenye Nguvu Hana Budi Kudhulumu?

Wako watu wasemao kwamba dhulma ni tabia ya nguvu, kama joto lilivyo tabia ya moto: aliye na nguvu hana budi kumwonea dhaifu, na asiyeonea ni kwa kuwa hakupata uwezo. Na katika kuithibitisha kauli yao huleta mfano wa wanyama wa mwituni. Neno hili yapasa lipimwe kwa mizani ya insafu kabla ya kukubaliwa, kwani mwenye kulikubali amekwisha kujipa ruhusa ya kumpiga mkewe na kumpunja hamali ujira wake.

Basi na atazamwe gorila, mnyama aliye jamaa ya sokwe, tena aliyempita kwa ukubwa. Tanzania hayuko, makao yake yaliyo karibu ni misitu ya Kongo ya mashariki, Rwanda na Uganda. Dume aliyekomaa, ambaye mgongo wake hugeuka rangi ya fedha, hufika uzani wa kilo 140 hata 200, na mikono yake ikinyooshwa hupita mita 2 toka ncha hata ncha. Hapana mwanadamu awezaye kushikana naye mieleka. Na chakula chake ni nini? Ni majani, mashina, machipukizi ya mianzi na matunda. Akimwona mgeni hujipiga kifua na kunguruma, na aghalabu akimwendea mbio hukoma kabla ya kumgusa.

Mwaka 1861 msafiri Paul Du Chaillu alitoa kitabu kilichomweleza gorila kama zimwi. Mwaka 1902 Robert von Beringe, ofisa wa serikali ya Kijerumani iliyokuwa ikitawala hata Litembo, aliwapiga bunduki gorila wawili katika mlima Sabinyo. Kisha mwaka 1959 George Schaller alikwenda milima ya Virunga, akakaa karibu nao siku nyingi akiwatazama, wasimdhuru.

Huenda mtu akasema: Gorila naye huua, kwani pengine dume mgeni huua kitoto cha dume mwenziwe. Ni kweli. Na mnyama hasifiwi wala halaumiwi, kwa kuwa hana hiari. Lakini hoja si kumfanya gorila kuwa walii. Hoja ni kwamba nguvu na dhulma ni vitu viwili vyenye kuachana. Lau dhulma ingekuwa tabia ya nguvu, huyu mwenye nguvu kuliko watu wote asingemwacha mgeni salama. Basi aliyedhulumu asiisingizie nguvu yake. Iliyomwamrisha ni nafsi yake.

Na nguvu ya mwanadamu iko wapi? Haiko katika mkono. Katika milima ya Litembo, nchi ya Mbinga, Wamatengo walijikusanya karne ya 19 wakiihepa mikuki ya Wangoni. Miteremko yake ni mikali, na mvua huuporomosha udongo. Wakatumia akili: hufyeka nyasi, huzilaza kwa mistari yenye kukatana, huzifunika kwa udongo, na katikati hubaki mashimo yashikayo maji. Kilimo hicho huitwa ngolo, na hata leo kipo. Gorila kwa nguvu zake zote hawezi kupanda harage moja.

Lakini akili hiyo hiyo ndiyo iliyotengeneza bunduki. Katika hesabu iliyotangazwa mwaka 2019, gorila wa milimani walikuwa 1,063 tu duniani, na maisha yao yamo katika rehema ya kiumbe asiyefika uzani wa dume lao. Basi mwenye nguvu ni mwanadamu, naye, kinyume cha gorila, ana hiari. Akijizuia, kujizuia kwake ni fadhila. Na akidhulumu, hana udhuru. Na kila mwenye mke, mtumishi au mdeni chini ya mkono wake na azingatie.