Nani Aliyemwambukiza wa Kwanza?

Imepokewa katika hadithi kwamba Mtume Muhammad alipokana kuwapo kwa ambukizo, bedui mmoja alimtajia ngamia wazima wanaoshikwa na upele baada ya kuchanganyika na mgonjwa, naye akamrudishia swali: ni nani, basi, aliyemwambukiza yule wa kwanza? Wanazuoni wengi, kwa kuwa zipo hadithi nyingine zinazokataza kuingia mji wenye tauni, walieleza kwamba kinachokanushwa ni maradhi kuambukiza kwa nguvu zake yenyewe pasipo idhini ya Mungu, ilhali Ibn al-Khatib wa Granada, katika karne ya 14, alishikilia kwamba ambukizo limethibitishwa na yanayoonekana kwa macho.

Swali hilo sasa huulizwa katika maabara. Kirusi cha chikungunya, kilichotambuliwa kufuatia mlipuko wa 1952 katika nchi ya Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, huenezwa na mbu wa jenasi ya Aedes, na jenomu yake, yaani jumla ya maagizo yake ya urithi, ina herufi za kikemia zipatazo 11,800. Kila kinapojinakili huweza kukosea herufi, na kosa likidumu hurithiwa na vizazi vyake, hata wataalamu wanaosoma virusi katika damu ya wagonjwa huweza kuchora mti wa nasaba kwa kufuata makosa yanayoshirikiwa. Mti huo una matawi yenye tarehe na mahali, lakini shina lake halina mgonjwa, kwani babu wa pamoja hukadiriwa kwa hesabu tu.

Mlipuko uliopiga Lamu mwaka 2004 ulifika Komoro na kisha Réunion, ambako takribani theluthi ya wakazi waliugua. Huko, katika nafasi ya 226 ya protini iitwayo E1, alanini ilibadilika kuwa valini (zote mbili ni asidi-amino, viungo vinavyojenga protini), na badiliko hilo dogo likakiwezesha kirusi kustawi zaidi ndani ya Aedes albopictus, mbu aliyetapakaa kisiwani. La kustaajabisha ni kwamba badiliko lilelile lilizuka peke yake India na pia Afrika ya kati, pasipo kurithiwa kutoka Réunion, kwa hiyo hapa “wa kwanza” si mmoja.

Kuhusu sababu na matokeo, mwanatheolojia al-Ghazali alidai kwamba anayeona pamba ikiungua ilipogusana na moto ameona mambo mawili yakiandamana tu, na mwanafalsafa Ibn Rushd akamjibu kwamba akanaye sababu ameikana akili yenyewe. Mti wa nasaba unampa Ibn Rushd haki kuhusu kupokezana kwa maradhi, lakini haustahili kugeuzwa hati ya mashtaka. Hauelezi kwamba Lamu ilikuwa katika ukame, na maji yaliyohifadhiwa majumbani yakawa mazalio ya mbu. Katika mlipuko wa 2007 huko Castiglione di Cervia, Italia, uchunguzi ulimfikia msafiri aliyetoka India, na kirusi kilikuwa na nasaba ya huko. Lakini Aedes albopictus alikwisha kubainika Italia tangu 1990, akisambazwa na biashara ya matairi chakavu, na hakuna herufi hata moja katika jenomu ya kirusi inayomtaja aliyeyaagiza.