Kuficha maradhi ya ukoo si stara

Ni jambo la kawaida msibani mtu kuuliza marehemu alikuwa akisumbuliwa na nini, akajibiwa: "Ni amri ya Mungu tu." Kiitikadi jibu hilo ni sahihi, kwani hakuna afaye ila kwa idhini ya Allah (S.W.). Lakini mara nyingi halitolewi kwa ajili ya itikadi, bali hutolewa ili kufunika. Familia inajua kwamba mama alikufa kwa saratani ya matiti, na dada yake kabla yake, lakini inaona kulitaja jambo hilo ni kujifedhehesha. Je, maradhi yanayouandama ukoo ni siri ya mgonjwa peke yake, au ni amana ya ndugu zake pia?

Kwanza ieleweke kwamba saratani nyingi hazirithiwi. Ile ya shingo ya kizazi, inayowasumbua mno wanawake wa Afrika Mashariki, husababishwa na kirusi, na ndiyo maana mwaka 2018 Tanzania ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima. Wataalamu wanakadiria kuwa asilimia 5 hadi 10 tu ya saratani ndizo zinazotokana na kasoro ya kurithi. Miongoni mwa kasoro hizo ni zile za jeni ziitwazo BRCA1 na BRCA2, ambazo huongeza sana hatari ya saratani ya matiti na ya mifuko ya mayai. Mzazi akiwa na kasoro hiyo, kila mtoto wake ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuirithi. Na hapa wengi hukosea: baba naye hurithisha. Mwanamume anaweza kuibeba bila kuugua, akampa binti yake. Kwa hiyo habari za shangazi zina uzito sawa na za mama mdogo.

Jambo la kurithi si geni kwetu. Bedui mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) akitilia shaka rangi ya mtoto aliyezaliwa na mkewe. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kuhusu rangi za ngamia wake, mpaka mwenyewe akakiri kwamba pengine ni asili ya mbali iliyojitokeza. Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim.

Wapo watakaosema kuwa kuchunguza maradhi ya wazee ni upungufu wa tawakkul. Hao na wakumbuke safari ya Sayyidna Umar (R.A.) kwenda Sham. Alipofika Sargh akaambiwa kuna tauni, akaamua kurudi. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, naye akajibu kuwa anatoka katika kadari kwenda katika kadari. Lakini kuna mtu wa tatu katika kisa hicho ambaye hatumzingatii sana: Abdurrahman bin Awf (R.A.). Yeye alikuwa na elimu juu ya jambo hilo, kwani alimsikia Mtume (S.A.W.) akikataza kuingia katika nchi yenye tauni. Alipowakuta wenzake hakunyamaza. Aliwaambia.

Na ile hoja ya stara? Stara ni kwa dhambi na aibu. Ugonjwa si dhambi. Ni kweli mgonjwa ana haki habari zake zisitembezwe barazani, na anayezitembeza anamdhulumu. Lakini hata katika usengenyaji wanazuoni, akiwemo Imam Nawawi, wameruhusu kusema pale inapobidi kumkinga Muislamu na madhara. Fatima bint Qays (R.A.) alipomtaka Mtume (S.A.W.) ushauri juu ya waliomposa, alielezwa wazi hali zao. Ikiwa posa ilistahiki ukweli, sembuse uhai wa mtoto wa ndugu yako?

Tukiri kwamba kinachowafunga watu midomo hasa ni ndoa. Wazazi wanaogopa itasemwa, "Ukoo ule una maradhi," mabinti wasiolewe. Hofu hiyo sisi wengine ndio tunaoijenga. Anayevunja posa kwa sababu mama wa binti alikufa kwa saratani anahukumu bila elimu. Huenda saratani ile haikuwa ya kurithi, na hata kama ilikuwa, huenda binti hakuirithi. Hatari si ugonjwa. Tukiacha kuwahukumu watu kwa makaburi yao, nao hawatakuwa na sababu ya kuficha.

Faida ya kusema ni ya wazi. Kwa saratani ya utumbo mpana, madaktari hushauri mtu ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja aliipata aanze kupimwa akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri alioipata jamaa huyo, kutegemea upi unatangulia. Ikiwa baba aliugua akiwa na miaka 45, mwana aanze na miaka 35. Lakini atajuaje, kama aliambiwa baba "aliugua tumbo" tu?

Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tujifunze nasaba zetu ili tuunge udugu. Basi tunapowatajia watoto majina ya mababu, tuwaambie pia nani aliugua nini, upande wa baba na wa mama, na akiwa na umri gani. Wazee wanaoyajua haya wanaondoka kila mwaka. Anayejua na akanyamaza, ajiandae kuulizwa juu ya amana hiyo.

Wallahu a'lam.